Majina ya Mikabala ya Kwanza ya Saikolojia

Istilahi inaweza kuwa na sura nzuri, ikafuata kanuni za sarufi, ikapita katika vikao, na bado ikampotosha anayeisoma. Twasema hivi baada ya kupitia maandishi ya Kiswahili ya namna mbalimbali yanayoeleza historia ya saikolojia: madondoo ya mihadhara, tafsiri za vitabu vya ualimu, maswali ya mitihani na majibu yake. Katika maandishi hayo mikabala minne ya mwanzo ya taaluma hii huitwa umuundo, uamilifu, utabia na ugestalti. Majina haya yamerudiwa mara nyingi kiasi cha kuonekana kwamba yamekwisha kukubalika. Nia yetu ni kuyahoji kwa kipimo kimoja tu. Je, mtu anayejua Kiswahili vizuri na hajui lugha nyingine, akilisikia jina, ataelekezwa kwenye jambo ambalo wenye mkabala huo walikuwa wakiligombania, au atapelekwa kwingine?

Kabla ya majina yenyewe, neno moja kuhusu jina la kundi zima. Wafasiri wengine huandika “shule za mawazo”. Msomaji wa kijijini ana haki ya kuuliza ada ni kiasi gani. Neno madhehebu lingefaa kwa asili yake, kwa kuwa watu wa pwani wamelizoea tangu zamani kwa maana ya njia za wanazuoni wanaokubaliana katika msingi na kutofautiana katika tafsiri, na kwa hakika wanasaikolojia hao walishutumiana kwa ukali uliotosha kuitwa wa kimadhehebu. Lakini leo neno hilo limefungamana mno na dini. Tumechagua mkabala, yaani upande ambao mtu anasimama anapolikabili jambo.

Jambo la pili la jumla ni kiambishi u-. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kila jina la Kizungu lenye kiishio cha itikadi litapata Kiswahili chake papo hapo kwa kubandikwa u- mbele. Ni kweli kwamba tuna ujamaa, ubepari na ukoloni, na maneno haya yamefanya kazi nzuri. Lakini u- hiyo hiyo hutupa uzuri, utoto na ugonjwa, ambavyo ni sifa na hali, si mafundisho. Mtu akikutana na ujamaa huwa amekwisha kuusikia redioni na mkutanini. Akikutana na utabia katika ukurasa wa kitabu, hana cha kumwambia kama hilo ni fundisho la watu fulani au ni hali ya kuwa na tabia. Kwa hiyo katika makala haya tutatumia zaidi umbo la “mkabala wa” kitu fulani. Ni refu kidogo, lakini humlazimisha mwandishi kukitaja hicho kitu.

Tuanze na umuundo, maana ndipo penye madhara makubwa zaidi.

Jina hili lina asili inayojulikana. Mwaka 1898 Edward Bradford Titchener, Mwingereza aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alichapisha makala ya kutetea saikolojia ya namna yake. Alisema kwamba kama ilivyo katika elimu ya viumbe, ambako mmoja huupasua mwili ili aone una viungo gani na mwingine hutazama viungo hivyo vikifanya kazi, ndivyo ilivyo katika saikolojia, na kwamba kazi ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya haraka zaidi. Vipande alivyovitafuta vilikuwa vya aina tatu: hisi, taswira zinazobaki akilini baada ya kitu kuondoka, na mionjo ya raha na karaha. Katika kitabu chake cha mwaka 1896 alikuwa amekwisha kuhesabu hisi zisizogawanyika zaidi ya 44,000, sehemu kubwa zikiwa za macho na zinazofuata zikiwa za masikio. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa, je, huo ndio muundo kwa Kiswahili? Muundo wa nyumba si matofali. Ni jinsi matofali, nguzo na paa vilivyopangwa. Mtumishi wa serikali anayeagizwa kuleta muundo wa idara yake haleti orodha ya majina ya watumishi. Huleta mchoro unaoonyesha nani yuko chini ya nani, na barua hupita kwa nani kabla ya kumfikia nani. Muundo katika lugha yetu ni uhusiano. Titchener alitafuta kwanza kabisa vile vitu vinavyohusiana. Ni kweli kwamba alitaka pia kujua vipande hivyo huunganaje, lakini jambo lililomtofautisha na wenzake, na ambalo walimpigia kelele, ni lile la kuvunjavunja. Kwa hiyo jina limekamata upande usio wake.

Kosa hili lingeweza kuvumilika kama neno umuundo lingekuwa halina mwenyewe. Lakini lina mwenyewe. Katika isimu na katika uhakiki wa fasihi, umuundo ni mafundisho yanayotokana na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa na wenzake mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kiini cha mafundisho hayo ni kwamba kipashio cha lugha hakina thamani kikisimama peke yake. Thamani yake yote hutokana na kutofautiana kwake na vipashio vingine. Tazama basi lililompata mwanafunzi wetu. Asubuhi, katika somo la Kiswahili, anaambiwa kwamba umuundo ni kukataa kukiangalia kipande nje ya mfumo wake. Mchana, katika somo la saikolojia, anaambiwa kwamba umuundo ni kukitenga kipande na kukihesabu. Mafundisho haya mawili yanapingana uso kwa uso, na Kiswahili kimeyavika kanzu moja. Mwanafunzi mwenye akili atadhani amekosea yeye. Asiye na akili nyingi hatashtuka, na huyo ndiye atakayefaulu mtihani.

Yasemwe pia kwamba mkanganyiko huu uko katika Kiingereza chenyewe, nasi tumeurithi. Lakini urithi wa deni si lazima upokewe. Lugha inayounda istilahi zake baada ya wengine ina nafasi moja ambayo hao wengine hawakuwa nayo: yaweza kuona walipojikwaa. Kwa mkabala wa Titchener twapendekeza mkabala wa vijenzi vya fahamu. Kijenzi ni neno linaloeleweka mara moja. Ni kitu kinachojenga kingine. Umuundo ubaki kwa watu wa isimu.

Katika urithi huo huo limo jina la Wilhelm Wundt. Karibu kila dondoo tulilosoma linasema kwamba Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, ndiye mwanzilishi wa umuundo, na Titchener alikuwa mwanafunzi wake aliyeuvusha bahari. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni kweli kwa maana kwamba Titchener alisoma kwa Wundt na kupata shahada yake huko mwaka 1892. Nusu ya kwanza si kweli. Wundt aliupa mkabala wake jina lingine, lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya utashi, kwa sababu aliamini kwamba akili haiunganishi vipande kama mashine. Huchagua, huelekeza, na huzaa kitu kipya kisichokuwamo katika vipande. Tena alishikilia kwamba majaribio ya maabara hayawezi kuyafikia mawazo ya juu ya mwanadamu, na kwamba hayo yachunguzwe kupitia lugha, visasili na desturi za watu. Kazi yake ya upande huo ilijaza juzuu 10, zilizotoka kati ya mwaka 1900 na 1920, mwaka aliofariki. Aliyemfanya Wundt aonekane kama Titchener wa kwanza ni zaidi Edwin Boring, mwanafunzi wa Titchener, katika historia yake ya saikolojia ya mwaka 1929 iliyosomwa na vizazi. Picha hiyo ilianza kusahihishwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, hasa kwa makala ya Arthur Blumenthal ya mwaka 1975. Maandishi yetu mengi bado yanafuata picha ya 1929.

Mkabala wa Wundt basi uitwe mkabala wa utashi. Hapa yafaa mfasiri ajihadhari, kwa kuwa jina la mkabala huo kwa Kiingereza linafanana mno na lile la watu wa kujitolea. Hatutaki kuona siku moja Wundt akitajwa miongoni mwa waasisi wa kazi za kujitolea.

Hatuwezi kuendelea bila kulishughulikia neno fahamu, maana mikabala yote minne iliizunguka hiyo, hata ule uliotaka kuifukuza. Maandishi yetu huyumba kati ya maneno matatu: ufahamu, ung'amuzi na fahamu. Ufahamu umekwisha kukamatwa na darasa la lugha; kwa mwanafunzi ni kile kifungu cha habari kinachofuatwa na maswali. Ung'amuzi tutautafutia kazi nyingine hapo mbele. Linalobaki, na lililo bora kuliko yote, ni neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu kabla ya chuo chochote kufunguliwa. Aliyezirai twasema amepoteza fahamu. Akizinduka, fahamu zimemrudia. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi twaviita milango ya fahamu, na huu ni usemi ambao mwanasaikolojia angeweza kuuonea wivu, maana ndani yake fahamu ni nyumba na hisi ni wageni wanaopitia milangoni. Mtu aliyejaliwa lugha yenye usemi kama huo akaenda kuunda neno jipya anafanana na anayechimba kisima kando ya mto.

William James, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1890 kilichomchukua miaka 12 kukiandika, alikataa kuifananisha fahamu na mnyororo wa pete zilizoungwa. Kwake ilikuwa kama maji yanayotiririka. Wafasiri wetu waliandika mkondo wa fahamu. Hapa hatuna la kusahihisha. Mvuvi anajua kwamba mkondo haukatwi vipande, kwamba una nguvu hata pale uso wa maji unapoonekana kutulia, na kwamba wenyewe ndio unaokupeleka.

Neno la njia ya uchunguzi halikubahatika hivyo. Wundt na Titchener wote walimtaka mtu aeleze yaliyo katika fahamu yake mwenyewe, na Kiswahili chetu kimeiita njia hiyo kujichunguza. Mwambie mwananchi yeyote ajichunguze. Ataanza kutafuta makosa yake. Kujichunguza, kama kuihoji nafsi, ni tendo la toba. Mtu hujipima kama amedhulumu, kama amesema uongo. Kazi ya maabara ya Leipzig haikuwa na uhusiano wowote na toba. Mtu alisikia mlio au akaona mwanga, mara nyingi, katika hali ile ile, akasema mara moja kama huu ni mkubwa kuliko ule, au akabonyeza kitufe. Wundt mwenyewe kwa Kijerumani alikuwa na majina mawili: moja la kujitazama kwa utaratibu wa kukaa na kutafakari, ambalo alilikataa kwa kuwa halina kipimo, na lingine la kuyatambua yanayotokea ndani wakati ule ule yanapotokea, chini ya masharti ya majaribio, ambalo alilikubali. Kiingereza kiliyatia yote mawili katika neno moja, na hivyo kikamfanya Wundt aonekane akitetea jambo alilolipinga. Kiswahili kinaweza kuyarudisha yalivyokuwa. Lile la kwanza liwe kujitazama, la pili liwe utambuzi wa ndani.

Titchener alidai zaidi. Mtazamaji wake alifundishwa kwa muda mrefu asikitaje kitu, bali hisi tu. Ukimpa embe, asiseme ni embe. Aseme anaona umanjano wa kiwango fulani, umevimba upande, na anahisi ubaridi na ulaini kwenye vidole. Akisema “embe” amefanya lile alilokuwa akiliita kosa la kichocheo, yaani kukitaja kilichosababisha hisi badala ya hisi yenyewe. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kanuni ni yake. Mwalimu akiutumia darasani, wanafunzi wataelewa kwa nini mkabala huo haukuishi sana baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1927. Kwa vipande vyake vyote, haukuweza kumtumia mtoto, wala mgonjwa wa akili, wala mnyama, kwa sababu hakuna kati yao anayeweza kufundishwa kulisahau embe.

Kuhusu uamilifu hatutasema mengi. Jina lake pia lilitokana na Titchener katika makala yale yale ya 1898. Aliwapa wapinzani jina, nao wakaliokota na kulivaa. John Dewey alikuwa amekwisha kuonyesha njia mwaka 1896, alipopinga kukikata kitendo cha kiumbe kuwa kichocheo upande mmoja na mwitiko upande mwingine. James Rowland Angell wa Chicago, katika hotuba yake ya urais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1906, alikiri kwamba walichokuwa nacho kilikuwa zaidi mtazamo na azma kuliko mafundisho yaliyokamilika. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: fahamu ni ya nini? Inamsaidiaje kiumbe kuishi? Neno amilifu, hata hivyo, kwa mtu wa kawaida ni mchapakazi. “Saikolojia amilifu” ni saikolojia isiyolala. Tulidhani kwanza kwamba kazi lingetosha, kama tusemavyo kazi ya moyo ni kusukuma damu. Lakini “saikolojia ya kazi” itapelekwa moja kwa moja kiwandani na ofisini. Twaona dhima ndilo neno. Mwalimu wa sarufi amekwisha kulizoea, na ndani yake mna wazo la wajibu, la kitu kilichowekwa kwa ajili ya jambo fulani. Mkabala wa dhima ya fahamu utaeleweka.

Utabia ndio unaotuhuzunisha zaidi, kwa sababu hapa kosa la neno halibaki kwenye daftari. Linaingia darasani pamoja na mwalimu.

Neno tabia limetufikia kutoka Kiarabu, na huko shina lake ni maumbile, kile ambacho mtu au kitu kimepigwa chapa nacho. Kiswahili hakijaisahau asili hiyo. Twasema tabia haina dawa. Wataalamu wa mazingira walipohitaji neno la ile hali ya hewa ya muda mrefu, ya miaka na miaka, iliyo tofauti na mvua ya leo na jua la kesho, waliunda tabianchi, na walifanya vyema kabisa. Tabia ndiyo hiyo: ni ile hali ya ndani na ya kudumu ambayo twaikisia nyuma ya matendo mengi.

Sasa msome John B. Watson. Makala yake ya mwaka 1913, ambayo ndiyo ilani ya mkabala huu, inadai kwamba saikolojia iachane kabisa na mambo ya ndani. Fahamu, taswira, nia, vyote vitoke. Kibaki kile ambacho watu wawili waliosimama nje wanaweza kukiona na kukubaliana: kichocheo hiki, mwitiko huu. Yeye hakutaka tabianchi. Alitaka mvua ya leo, kwa milimita. Na zaidi ya hapo, katika maandishi yake ya miaka ya 1920 alipinga kwa nguvu wazo kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo wake. Alijigamba kwamba angeweza kumchukua mtoto yeyote mwenye afya na kumfanya awe wa fani yoyote atakayo, mradi aachiwe kumlea. Mtu huyu ndiye tuliyempa jina lililotokana na neno lenye maana ya maumbile. Ingekuwa vigumu kwetu kupata neno lililo mbali naye zaidi hata kama tungeagizwa kulitafuta.

Jaribio lake lililosemwa sana, alilolifanya na Rosalie Rayner na kulichapisha mwaka 1920, lilimhusu mtoto mchanga ambaye mwanzoni hakumwogopa panya mweupe. Kila alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa kishindo nyuma ya kichwa chake. Baada ya kurudiwa mara chache mtoto alilia kwa kumwona panya tu. Jaribio hilo leo lisingeruhusiwa, na ni aibu kwamba mtoto yule hakuondolewa woga aliopandikizwa. Lakini maana yake kwa mwalimu iko wazi: kabla ya kusema mtoto ni mwoga, uliza ni kishindo gani kiligongwa nyuma yake.

Mwanachuo wa ualimu anayeusoma mkabala huu chini ya jina la utabia hupata funzo lililo kinyume. Tumeona majibu ya mtihani yanayoeleza kwamba kufuatana na Watson mwalimu hana budi kuzijua tabia za watoto ili ajue nani anafundishika. Mtahini akakata alama, nasi hatumlaumu. Lakini mwanafunzi huyo alijibu kwa Kiswahili sahihi. Alilichukua neno kwa maana ambayo mama yake alimfundisha. Atakapokuwa na darasa lake, na mtoto mmoja akawa anatetemeka kila somo la hesabu linapoanza, ataandika “ana tabia ya woga”, na hapo uchunguzi utakuwa umekwisha.

Neno tulilo nalo ni mwenendo. Linatokana na kwenda. Ni kile kinachoonekana mtu anapopita. Ripoti za shule zetu, katika hekima ambayo pengine hata walioziandaa hawakuikusudia, zina sehemu ya “tabia na mwenendo”, maneno mawili yaliyowekwa pamoja kwa sababu si kitu kimoja. Na wanasheria wametutangulia. Mwenendo wa kesi ni kumbukumbu ya yaliyosemwa na yaliyotendwa mbele ya mahakama siku baada ya siku. Yaliyokuwa moyoni mwa shahidi hayamo isipokuwa kama aliyatamka. Watson angeukubali uandishi wa namna hiyo bila masharti. Basi tuseme mkabala wa mwenendo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Katika kampeni za afya, “kubadili tabia” limekuwa jambo la kawaida, na pale tabia ina maana ya matendo ambayo mtu anaweza kuyaacha. Ni kweli, na hatutaki kuwanyang'anya watu wa afya neno lao. Kinachofanyika katika kampeni hizo, hata hivyo, ni kulivuta neno kwa makusudi dhidi ya maana yake ya zamani, ndiyo maana kaulimbiu ina nguvu: inadai kwamba kile mlichodhani hakina dawa kina dawa. Istilahi ya kitabu cha historia haiwezi kutegemea mvutano huo, kwa sababu msomaji hataambiwa kwamba upo.

Imebaki Gestalt. Neno hili la Kijerumani liliwashinda hata Waingereza na Wamarekani. Walijaribu maneno kadhaa ya kwao, na lile linalolingana na muundo, ambalo lingefaa, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na watu wa Titchener. Mwishowe wakaacha neno la Kijerumani lilivyo. Nasi tukalitia irabu mwishoni na u- mwanzoni. Lakini je, tumeshindwa kweli, au tumefuata walioshindwa?

Tazama walichokuwa wakikisema. Christian von Ehrenfels alionyesha mwaka 1890 kwamba wimbo ukipandishwa sauti, kila noti hubadilika, na bado sisi tunausikia wimbo ule ule. Mwaka 1912 Max Wertheimer alichapisha majaribio aliyoyafanya Frankfurt, ambamo mistari miwili iliangazwa mmoja baada ya mwingine. Muda kati yao ulipokuwa kiasi cha sehemu 60 kati ya 1,000 za sekunde, watazamaji wake, Wolfgang Köhler na Kurt Koffka wakiwa miongoni mwao, waliona mstari mmoja ukisogea. Mwendo huo haukuwamo katika mstari wa kwanza wala wa pili. Ungemwambia Titchener autafute mwendo huo katika orodha yake ya hisi 44,000, asingeupata.

Kiswahili kina umbo. Ni sura ya kitu kizima. Mtu anayekuja kwa mbali twaliona umbo lake kabla ya kuona macho, pua au nguo yake. Twapendekeza mkabala wa umbo zima, na neno Gestalt libaki kama lilivyo katika majina ya vitabu tu. Hapa yafaa pia kurekebisha sentensi inayorudiwa katika kila dondoo, kwamba kizima ni kikubwa kuliko jumla ya sehemu zake. Koffka hakuridhika nayo. Alitaka isemwe kwamba kizima ni kitu kingine, tofauti na jumla hiyo. Suala la ukubwa halimo. Mfasiri asiandike “zaidi ya”, aandike “kitu kingine kuliko”.

Na ung'amuzi, tuliouweka kando, sasa upewe kazi yake. Köhler alikuwa katika kisiwa cha Tenerife kuanzia mwaka 1913 hadi 1920 akiwachunguza sokwe. Mmoja wao, Sultan, alikuwa na vijiti viwili vya mwanzi, na kila kimoja kilikuwa kifupi mno kuifikia ndizi iliyokuwa nje ya kizimba. Alihangaika kwa muda mrefu bila mafanikio. Baadaye, akivichezea tu, vijiti vikajikuta vimelingana. Akakichomeka kimoja ndani ya kingine, akakimbilia kwenye nondo, akaivuta ndizi. Maandishi yetu husema kwamba sokwe huyo “alipata ufahamu wa ghafla” au “alipata mtazamo wa ndani”, kana kwamba aliota ndoto. Kwa Kiswahili mtu aliyehangaika na jambo, kisha mara moja likamfungukia jinsi sehemu zake zinavyokaa, husemwa kwamba ameling'amua. Sultan aling'amua.